Maoni Yaachwe Wazi

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na saba ya mwezi wa tatu, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na yaliharibika kwa sherehe. Saa hiyo Idara ya Nyaraka na Uwazi ilitangaza, kwa vipaza sauti vinne, kwamba karatasi imefariki dunia. Wala halikuwa fumbo. Kulikuwa na kijeneza cheupe, na ndani yake bunda zima la karatasi ambazo hazijaguswa hata kwa nukta, na shimo limechimbwa kwenye bustani ya mbele ya hospitali kuu, kwa kuwa hospitali ndiyo iliyopewa heshima ya kuwa ya kwanza kuishi bila karatasi. Mkurugenzi wa Idara alisoma risala ya maziko. Aliisoma kutoka kwenye karatasi, lakini hiyo, watu walielezwa, ilikuwa karatasi ya mpito.

"Kuanzia leo," alisema Mkurugenzi, "hakuna neno la mwananchi litakalopotea. Panya hatakula neno. Mvua haitalowesha neno. Kila neno litakaa ndani ya Mfumo, salama, milele."

Fundi Kitasa aliisikia hotuba yote akiwa ghorofa ya chini, dirisha namba sita, kwenye foleni ya muhuri. Mkewe alikuwa ghorofa ya pili, kitanda cha kumi na nne, na daktari alikuwa amesema kuna dawa haitoki stoo mpaka fomu igongwe muhuri. Muhuri ulikuwepo, Fundi aliuona kwa macho yake juu ya meza. Mwenye muhuri ndiye hakuwepo. Alikuwa nje, anazika. Alipomaliza kumwaga koleo lake la udongo alirudi, akanawa mikono, akaiangalia fomu ya Fundi kwa huruma, akasema hawezi kuipokea kwa sababu ni ya karatasi, na karatasi imekufa, yeye mwenyewe ndiyo kwanza anatoka mazikoni.

Fundi akapanda ngazi mikono mitupu. Kitanda cha kumi na nne kilikuwa kimeshafunikwa shuka mpaka juu.

Karani wa wodi, mama mmoja wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, alimshika bega. "Pole, baba. Pole sana. Alikuwa na maneno ya kukuachia. Nimeyachapa yote kwenye Mfumo."

"Alisema nini?"

"Yako salama, baba. Ukishatulia, njoo uyasome."

Ndivyo neno la kwanza la mwananchi lilivyohifadhiwa milele.

Mchana wa siku hiyohiyo, saa nane, Mkurugenzi alipandishwa cheo kwa kazi nzuri ya maziko. Akawa Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Nyaraka. Barua yake ya uteuzi ilikuwa barua ya kwanza ya serikali kuandikwa ndani ya Mfumo bila kugusa karatasi, na watu wakapiga makofi. Fundi hakupiga. Alikuwa anatafuta gari la kumbebea mkewe.

Kwa wasiomfahamu, huyu Fundi Kitasa ni mtu wa vitasa, makufuli na funguo. Banda lake la bati liko nyuma ya jengo la Idara, karibu na ule mlango ambao wakubwa huupitia wakichelewa. Shule aliishia darasa la nne, na mwenyewe husema si yeye aliyelimaliza darasa la nne, ni darasa la nne lililommaliza yeye. Lakini mpeleke mbele ya mlango uliogoma. Ataweka sikio, atatia kiwaya, ataguna kama anayembembeleza mgonjwa ale, na mlango utasalimu amri. Kwa miaka thelathini amefungua magari, mageti, masanduku ya marehemu waliokufa na siri zao, na mara moja choo kilichomfungia hakimu.

Wiki moja baada ya karatasi kuzikwa alipata kazi ambayo hakuielewa. Wakubwa saba wa Idara, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akiangalia nyuma kwanza, walimwita awatilie vitasa kwenye droo za meza zao. Walitaka vitasa vya shaba, vile visivyokubali kiwaya cha mtoto wa mjini. Mwenyekiti alitaka cha kuzungusha mara mbili. Fundi akatoboa, akafunga, akapuliza vumbi la mbao, akajiuliza: ofisi isiyo na karatasi, hizi droo zinafungia nini? Upepo? Hakumwuliza mtu. Mfiwa ana yake.

Alipotulia, kama alivyoagizwa, alikwenda hospitali kuyasoma maneno ya mkewe. Akaambiwa Mfumo unaboreshwa. Mwezi uliofuata Mfumo ulikuwa umeshaboreshwa, kiasi kwamba haukuweza tena kusoma yale uliyoandika kabla ya kuboreshwa. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. Karani wa wodi naye akapanda cheo, akahamishiwa Idara kuwa Katibu wa Kamati ya Nyaraka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuhifadhi neno la mwananchi. Fundi akamfuata hukohuko.

Katibu hakuwa mtu mbaya. Waliokuwa wabaya walikaa ghorofa ya juu yake. Alimgeuzia kioo cha kompyuta aone mwenyewe.

"Faili lenyewe lile pale, baba. Jina la mama lile. Saa nne na dakika ishirini, ile. Na huu hapa ni uzito wake."

"Lina uzito?"

"Kila faili lina uzito. La kwake ni dogo sana. Ni maneno machache."

Fundi aliutazama ule mstari mmoja wa herufi kama mtu anayetazama nyumba yake kupitia tundu la funguo. "Gonga hapo."

Katibu akagonga. Kikatokea kibao: FAILI HILI HALIWEZI KUFUNGULIWA.

"Gonga tena. Kwa adabu."

"Baba, hata nikigonga kwa dua. Kila faili lina namna lilivyofungwa. Hili lilifungwa na kampuni iliyotuletea Mfumo, kwa namna yake yenyewe, haijulikani na mtu mwingine. Mkataba ulipoisha kampuni iliondoka, na ufunguo ikaondoka nao."

"Sasa nani alimpa mtu mmoja ufunguo wa nchi nzima?"

"Ilikuwa zabuni, baba."

"Mimi nikimtilia mteja kitasa halafu nikaondoka na ufunguo, naitwa mwizi."

"Wewe huna zabuni."

Fundi akacheza na tupa ndogo iliyokuwa mfukoni mwake. Halafu akauliza lile alilokuwa ameliogopa. "Si wewe uliyeyachapa? Kwa vidole vyako hivyo. Hukumbuki hata moja?"

Katibu akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni. "Kwa siku nilichapa watu arobaini. Mwenye kuchapa hasikii, baba, anakimbizana tu na maneno. Nakumbuka yalianza na 'Mwambie.' Lakini wote huanza na 'Mwambie.'" Akairudisha miwani. "Na alicheka kidogo. Hilo nalikumbuka. Alicheka, akaniuliza, 'Umeandika?' Nikamjibu, 'Nimeandika, mama.'"

Alicheka. Fundi alikwenda na kicheko hicho nyumbani, na tangu siku hiyo hakikumpa usingizi wa maana. Mwanamke anakata roho, mumewe yuko foleni, nje wanazika karatasi, yeye anacheka. Kuna kitu alikiona. Na hicho kitu kimefungiwa kwenye kompyuta ya watu wasiojua hata kimefungwaje.

Mwaka wa tatu ulipofika katikati, Idara iligundua kwamba nusu ya mafaili yake hayafunguki. Ikafanya lile ambalo serikali makini hufanya inapopoteza ufunguo: ikaomba maoni ya wananchi.

Tangazo lilibandikwa kila ukuta. ZOEZI SHIRIKISHI LA UKUSANYAJI WA MAONI YA WADAU KUHUSU RASIMU YA VIWANGO VYA MUUNDO WA NYARAKA WAZI. Lilikuwa la karatasi. Karatasi ya mpito.

Aliyeleta fomu bandani alikuwa shemeji yake Fundi, mdogo wa marehemu, mhudumu wa chai pale Idara. Mwanamke mnene wa mwili na mwembamba wa subira.

"Hodi! Kumbe bado upo? Nilidhani kutu imeshakumaliza."

"Karibu, shemeji. Kutu haili mifupa."

"Basi itakufa njaa humu. Shika. Serikali inataka maoni yako."

"Yangu mimi? Imepungukiwa nini?"

"Akili. Lakini usiandike hilo." Akakaa juu ya kreti la makufuli mabovu, kreti likalia. "Sikiliza, shemeji, hili ni jambo. Waraka wazi, wanasema, ni ule ambao umefungwa kwa namna inayojulikana na wote. Mtu yeyote anaufungua, leo au miaka mia ijayo, bila kumpigia magoti kampuni ya mtu. Mtaalamu alilieleza vizuri mpaka nikasahau kutia sukari, wakanywa hivyohivyo."

Fundi akaweka tupa chini. "Kwa hiyo hata lile la dada yako..."

"Wakikubali, watalazimika kumtafuta huyo mwenye ufunguo popote alipo. Ningekuletea fomu bure? Mimi nakupenda kiasi hicho?"

Ilikuwa fomu nzuri. Jina, umri, kazi, na chini yake kisanduku kikubwa ambamo mtu angeweza kulala. Juu ya kisanduku pameandikwa: MAONI YA MWANANCHI (YAACHWE WAZI).

Maneno hayo mawili kwenye mabano Kamati iliyakalia siku mbili nzima, kwenye ukumbi wa hoteli wenye mapazia mazito. Nia yao ilikuwa tukufu: kwamba maoni ya mwananchi yawe huru, yasibanwe kwa kuchagua ndiyo au hapana, yaachwe wazi. Wajumbe walipigiana makofi kwa upana wa fikra zao. Hakuna aliyekumbuka kwamba fomu ingesomwa na watu wanaojua Kiswahili.

"Hapa pamesema paachwe wazi," alisema Fundi, kidole juu ya mstari.

"Ndiyo. Wenzio wote wameacha."

"Wananiita nitoe maoni, halafu wananiambia niyaache?"

"Shemeji, serikali hiyo, siyo mimi."

"Fundi viatu naye kaacha?"

"Kaacha. Mwalimu kaacha. Yule mwenye duka la vioo kaandika jina tu, kashukuru kwamba mwaka huu fomu ni fupi."

Fundi alilamba ncha ya penseli. Mtu wa darasa la nne hajui mengi, lakini anajua kwamba kisanduku ni cha kutilia kitu. Aliandika alasiri nzima, ulimi nje, wateja wawili wakaja wakaondoka. Aliandika hivi: *Faili la mke wangu lifunguliwe. Aliyefunga alete ufunguo. Kama ufunguo hana asifungie watu tena.*

"Umeiharibu fomu," alisema shemeji, akiisoma. Akaikunja kwa uangalifu kuliko alivyokunja zile nyingine, akaitia kifuani.

Baada ya wiki sita Idara ilitoa taarifa ya matokeo, na nchi ikapata la kujivunia. Fomu zilizorejeshwa zilikuwa elfu nne mia moja na kumi na tatu. Kati ya hizo, elfu nne mia moja na kumi na mbili zilikutwa na maoni ambayo yalikuwa wazi kabisa. "Haijapata kutokea," ilisema taarifa, "wananchi wakaunga mkono uwazi kwa uwazi wa kiasi hiki." Fomu moja tu ilikutwa na maoni yasiyo wazi. Kwa kuwa ilijazwa, ilihesabiwa kwamba haikujazwa ipasavyo, na mhusika akatakiwa kufika mbele ya Kamati kujieleza.

"Watu elfu nne," alisema shemeji, akimletea mwito, "na mwenye maoni ni wewe peke yako. Dada angekuwepo angekucheka mpaka akae chini."

"Angecheka nini?"

"Wewe tu. Alikuwa akikuangalia anacheka. Hukujua?"

Fundi alipiga pasi shati lake la maziko.

Ukumbi wa Kamati uko ghorofa ya tatu. Una feni mbili, moja inazunguka, nyingine inaangalia. Wajumbe saba walikaa upande mmoja wa meza ndefu, Mwenyekiti katikati, kiti chake kikiwazidi wengine kwa mgongo na kwa magurudumu. Pembeni alikaa Katibu na kompyuta yake, na kila alichokigusa kilionekana kikubwa kwenye kioo cha ukutani. Shemeji alikuwa mlangoni na sinia la chai. Fundi alipewa kiti cha plastiki chenye mguu uliopasuka, na mfuko wake wa zana akauweka mapajani, maana askari wa getini alikuwa ameutilia mashaka lakini hakuwa na fomu ya kutilia mashaka.

"Ndugu mwananchi," alianza Mwenyekiti, "umeshtakiwa... samahani, umealikwa, kwa kutoa maoni. Unasema faili lifunguliwe. Kamati imelijadili faili hilo pamoja na mafaili mengine elfu tisa yasiyofunguka, na tumekuja na suluhisho ambalo hata wenzetu wa nje watakuja kujifunza. Katibu, soma Kanuni ya Tisa."

Katibu alisoma bila kuinua macho. "Waraka usiofunguka si waraka, na yaliyomo ndani yake yatahesabiwa kuwa hayakupata kusemwa. Nyaraka za namna hiyo zitafutwa ili kuupunguzia Mfumo uzito. Kanuni itaanza kutumika leo baada ya chai, Mwenyekiti akishatia sahihi."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tatizo la mafaili yasiyofunguka lilikuwa limekwisha: yalikuwa si mafaili.

Miaka mitatu Fundi alikuwa akipigania kufungua. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu mwenye akili timamu, akishindwa na kitasa, atachoma nyumba.

"Yaani mke wangu hakusema kitu," alisema polepole.

"Kikanuni, hapana."

"Na huyu mama aliyemsikia?"

"Katibu alisikia kwa nafasi yake ya zamani. Una lingine, mzee?"

Hapo ndipo jicho la Fundi lilipoangukia mkono wa Mwenyekiti, uliokuwa ukichezea kitita cha funguo, kama wachezavyo wenye vyeo wakitaka kuondoka. Fundi hasahau chuma alichokichonga. Akauona ufunguo mdogo wa shaba, wa kuzungusha mara mbili, kazi ya mikono yake. Ulikuwa umebaki shingo tu. Meno hayakuwepo.

"Mheshimiwa," akasema, kwa unyenyekevu wa kutisha, "mimi ni darasa la nne. Nieleweshe taratibu. Kisichofunguka hakipo?"

"Hakipo."

"Hata kama kina jina na tarehe?"

"Hata."

"Hata kama kilichomo ni kikubwa?"

"Kanuni haiangalii ukubwa, mzee. Hapo ndipo uzuri wake."

"Iandikwe hivyo."

"Imeandikwa," alisema Katibu.

"Basi naomba, siyo kwa ubaya, nione barua iliyokuweka kwenye hicho kiti. Maana mtu akitaka kufuta maneno ya mke wangu, nijue ni nani."

Wajumbe wakacheka. Mwenyekiti akacheka kuwashinda wote, kama inavyostahili cheo chake. "Mwoneshe, Katibu! Barua ya kwanza ya zama mpya. Jumanne ile ile, saa nane mchana."

Katibu akatafuta. Kwenye kioo cha ukutani likatokea jina la Mwenyekiti, na tarehe, na uzito, ambao ulikuwa mkubwa kweli, maana cheo kilikuwa kirefu. Katibu akagonga.

FAILI HILI HALIWEZI KUFUNGULIWA.

"Gonga tena," alisema Mwenyekiti.

"Kwa adabu," alisema Fundi.

Kile kibao kikatokea tena, kikubwa kama mlango. Feni iliyokuwa ikizunguka ikasikika. Katibu akakohoa, alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilikuwa zimemfikisha pabaya. "Kwa kumbukumbu, nisaidieni niandike nini. Kama barua si barua, Mwenyekiti si Mwenyekiti. Kama si Mwenyekiti, hawezi kutia sahihi Kanuni ya Tisa. Bila sahihi Kanuni si kanuni, na kama Kanuni si kanuni, barua ni barua. Ikiwa barua, yeye ni Mwenyekiti. Akiwa Mwenyekiti anatia sahihi, na akitia sahihi tu..."

"Inatosha!"

"Anayesema inatosha ni nani? Niandike jina gani?"

Mjumbe wa kushoto, ambaye mpaka dakika hiyo alikuwa rafiki wa Mwenyekiti, alisogeza kiti chake hatua moja pembeni, akaanza kukipima kwa macho kile chenye magurudumu.

Mwenyekiti aliliona jicho hilo. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio. "Ninayo!" akapaza sauti. "Barua ninayo! Iko kwenye droo yangu!"

"Kwa muundo gani?" aliuliza Katibu.

Mwenyekiti akasema kitu tumboni mwake.

"Kamati haijasikia."

"Karatasi," alisema Mwenyekiti. "Ni ya karatasi."

Shemeji, pale mlangoni, alisema peke yake lakini kwa sauti ya kutosha wote: "Marehemu kafufuka."

Ofisi ya Mwenyekiti ilikuwa mlango wa pili. Wote wakahamia huko, sinia la chai likifuata nyuma. Droo ilikuwa imefungwa, na ndani ya kitasa chake meno ya ufunguo yamebaki. Yalikatikia humo tangu mwezi uliopita, na mwenyewe aliona haya kumwita fundi, maana angeulizwa ofisi isiyo na karatasi inafungia nini.

"Fundi, fungua basi."

"Kwa utaratibu gani, mheshimiwa?"

"Wowote! Fungua tu!"

"Hapana, tufuate taratibu. Nijazie fomu. Jina, umri, kazi. Ukifika kwenye kazi hapo, paache wazi."

Sinia lilitetemeka kwa kicheko mpaka vikombe vikagongana. Mjumbe wa kushoto naye akacheka, mapema kidogo kuliko ilivyofaa.

Fundi akapiga magoti. Akaweka sikio kwenye mbao, akatia kiwaya, akaguna. Kitasa kilichochaguliwa kwa kuwa hakikubali kiwaya kilimkubali aliyekitia. Kikazunguka mara moja. Kikazunguka mara ya pili. Droo ikafunguka kwa ile pumzi ambayo droo zilizoshiba huitoa.

Ilikuwa imejaa. Barua ya uteuzi juu, imetiwa kwenye plastiki. Chini yake hati ya nyumba, cheti cha ndoa, vyeti vya shule vya watoto, vyote vimetolewa kwenye printa, nakala mbilimbili, moja ya panya na moja ya mvua. Fundi alizitoa moja moja na kuziweka juu ya meza. Nyuma yake wajumbe sita walikuwa wameacha kucheka. Kila mmoja alikuwa akiufikiria ufunguo wake wa shaba.

Chini kabisa ilikuwepo karatasi yenye maua ya rangi pembeni. Fundi aliisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole, kama alivyosoma kila kitu maishani. "Mu-me wangu mpenzi. Hongera kwa ku... kuzaliwa. Usichelewe ku-rudi. Nimekuwekea maji ya kuoga."

"Hiyo ni ya binafsi," alisema Mwenyekiti.

"Naona." Fundi aliendelea kuishika. "Hii umeichapisha kwa rangi."

Akaiweka juu ya meza, peke yake.

"Maneno ya mke wangu yalikuwa machache, mheshimiwa. Huyu mama ananiambia uzito wake ni mdogo sana. Yasingejaza hata nusu ya karatasi. Na siku hiyo karatasi mlikuwa nayo. Bunda zima, safi, pale chini ya dirisha lake. Mlikuwa mnalifukia."

Mwenyekiti aliangalia dirishani, kama wafanyavyo watu wa ngazi yake wakitafuta jibu ambalo haliko chumbani. "Mzee," akasema mwisho, "hilo ni swali zuri. Napendekeza swali hili... liachwe wazi."

Kamati ilikaa palepale wamesimama na kuamua mambo mawili. La kwanza, kwa kuwa Mwenyekiti anathibitika kwa karatasi tu, na karatasi ilizikwa na yeye mwenyewe mbele ya mashahidi, basi na ahesabiwe kuwa Mwenyekiti wa mpito. La pili, Mwenyekiti wa mpito hana mamlaka ya kufuta faili la mtu. Mafaili yote yabaki ndani ya Mfumo kama yalivyo, yakiwa na majina yao, tarehe zao na uzito wao.

Wajumbe wakatawanyika upesi, kila mmoja kwenye droo yake. Akabaki Katibu, amekumbatia kompyuta iliyokuwa imegoma tangu alipoanza kuandika ile habari ya barua kuwa barua. Akaifunga. Akatazama huku na huku akitafuta pa kuandikia, na kati ya karatasi zote zilizokuwa juu ya meza, iliyokuwa mali ya Idara ilikuwa moja. Akaichomoa barua ya uteuzi kwenye plastiki, akaigeuza. Nyuma ilikuwa nyeupe.

"Sema, baba," alisema. "Safari hii nitasikiliza."

Fundi akafikiri. Alikuwa na maneno ya miaka mitatu, mengine si ya kuandikwa mbele ya mwanamke. Lakini alipofungua mdomo yalitoka machache.

"Mwambie..." alianza, kisha akakatiza, kwa sababu alijisikia mwenyewe akianza kama wote. Na hapo, bila kutaka, mbele ya droo wazi na chai iliyopoa, akacheka kidogo.

Shemeji akaweka sinia chini. "Hivyohivyo," alisema taratibu. "Dada alikuwa anacheka hivyohivyo."

Fundi akamalizia sentensi yake. Katibu akaandika kwa kalamu, kwa herufi kubwa za mtu aliyewahi kukosea mara moja.

"Umeandika?"

"Nimeandika, baba."

Karatasi ile ipo mpaka leo. Shemeji aliibandika mwenyewe kwenye ubao wa matangazo wa Idara, upande wa barua ukiwa ukutani na upande wa swali ukiwatazama watu, na Mwenyekiti wa mpito hathubutu kuibandua, kwa sababu huo ndio uteuzi wake. Kila asubuhi anapita mbele yake akiangalia viatu. Wanaokwenda kufuatilia mambo yao husimama hapo, wakasoma kwa sauti, wengine kwa kufuata kidole:

Mwambie Mwenyekiti, mke wangu alisema nini?